Vitabu vya bosi mpya

Swaibu ndugu yangu,

Salaam nyingi. Huku Kampala tuko wazima, mvua tu na foleni za magari ndizo zinatutesa. Mama Sauda kaniambia umekabidhiwa kiwanda cha mikate hapo Jinja. Jana muuzaji, leo bosi! Hongera. Ila hivyo vitabu kumi vya uongozi ulivyoomba sikupi. Kumi utavipanga kabatini wageni wavione. Chukua vitatu, na kwa sasa soma kimoja.

Hicho ni The Goal cha Eliyahu Goldratt, cha 1984. Alikuwa mwanafizikia wa Israeli, lakini kakiandika kama riwaya: meneja kapewa miezi mitatu aokoe kiwanda chake kisifungwe. Kinachotafutwa humo ni pale kazi inapobana. Kwenu nadhani ni tanuri. Wakandaji wakiweza trei mia na tanuri likachoma sitini, siku hiyo mmeuza sitini, basi.

Hatua zake ni tano. Kwanza patafute: tazama kazi inalundikana mbele ya nani. Pili, hapo isipotee hata dakika: wachomaji wapokezane kwenda kula, trei ziwe tayari kabla mlango haujafunguliwa, donge bovu likamatwe kabla halijaingia motoni. Tatu, wengine wote wafuate mwendo wa tanuri. Hapa mabosi hununa, kwa sababu wakandaji watakaa bure kidogo. Waache wakae! Donge likisubiri sana linaumuka kupita kiasi, linabonyea, na unga, hamira na sukari vimekwenda. Nne, ndipo ufikirie tanuri la pili (wengi huanzia hapa, na mkopo wa benki juu). Tano, rudi mwanzo, kwa kuwa pa kubana patakuwa pamehama, labda kwenye kupoza: mkate ukifungwa ungali na joto unatoa jasho mfukoni na kuota ukungu.

Hivyo viwili vingine haraka haraka. Peter Drucker, The Effective Executive, 1967: anza na sura ya muda. Andika saa zako zinavyokwenda, papo hapo, usingoje kukumbuka jioni. Halafu Andrew Grove aliyeongoza Intel, kampuni ya vifaa vya kompyuta, High Output Management, 1983. Anaanza na chai ya asubuhi, yai la dakika tatu, mkate wa kubanika na kahawa, na ratiba yote anaipangia yai, maana ndilo linalochukua muda mrefu kuliko vyote. Tanuri lako hilo tena! Usikose anaposema juu ya kikao cha bosi na mtu wake mmoja mmoja: kisipungue saa nzima, na mambo ya kuzungumza alete yule wa chini. Wewe na mdomo wako, sijui utaweza.

Vyote ni vya Kiingereza. Nitauliza duka la vitabu la Aristoc, nikikosa nitazunguka kwa wauza vitabu vilivyotumika, nikutumie kwa teksi ya Jinja.

Sasa nijibu. Tanuri ni la kuni au la umeme? Umeme ukikatika mna jenereta, na mafuta yake anashika nani? Wachomaji ni wangapi kwa zamu? Mikate inayorudishwa na maduka mnaihesabu, au inapotelea njiani? Yule fundi wa Walukuba bado yupo, au kakimbia deni la Hajji? Na teksi ikifika, nani ataupokea mzigo, wewe au shemeji?

Wako,
Hamidu