Mama mkwe ameshuka kwenye tuta

Soweto, Moshi
Jumapili usiku

Mangi wangu Baba Ima,

Salamu nyingi. Huku wazima, mvua inanyesha itakavyo, umeme unakuja kutusalimia na kuondoka. Najua nimekaa kimya tangu ile kipaimara ya Tengeru, na najua ulinipigia mara mbili sikupokea. Usinune. Mara ya kwanza nilikuwa kikaoni, ya pili nilikuwa nimelala chini ya pikipiki na mikono imejaa grisi. Hiyo ya pili ndiyo imenifanya nikuandikie, maana kwa simu utaanza kucheka kabla sijafika katikati.

Alhamisi nilikwenda kumchukua mama mkwe sokoni Kiboriloni. Niliona aibu apande bodaboda na mimi mkwe wake ninayo pikipiki. Akakaa upande, kanga kaikunja vizuri, furushi la mashuka ya mtumba mapajani. Tulikwenda polepole mno, Mungu shahidi. Kufika tuta la kwanza, kaa! Shokapu zote mbili ziligonga mwisho, tairi likalamba madigadi, meno yangu yakagongana. Mama hakupiga kelele. Alinigusa mgongoni kwa kidole, akasema, "Baba Neema, simama nishuke. Utanikuta ng'ambo." Akashuka, akajitwika furushi, akavuka tuta kwa miguu, akasimama upande wa pili akinisubiri kama abiria wa mpakani. Mpaka kwangu kulikuwa na matuta mengine manne. Yote manne alishuka. Na unavijua vijiwe vya bodaboda vya njia ile.

Sasa shida yangu ni hii: kila ninayemwambia springi, ananitazama tumbo. Mke wangu anasema kupunguza kilo ni bure, springi ni hela. Daktari naye alishasema la kwake, lakini hilo tuliache, nitakueleza tukionana. Mimi nina kilo 116, yaani mifuko miwili ya saruji na ndoo isiyojaa. Sikatai. Lakini nikipungua hata kumi, bado yule aliyeipangia pikipiki ile springi alikuwa anamfikiria mtu wa kilo 70 hivi, na mtu huyo si mimi wala sitakuwa mimi.

Fundi wetu (unamjua, yule wa mluzi) dawa yake ni moja kwa kila mgonjwa: kaza pete. Ile pete ya chini ya springi yenye ngazi 5. Akaipandisha mpaka ya mwisho, akapiga kofi siti, akasema tayari. Kweli nyuma paliinuka kidogo, na taa ya mbele ikaacha kumulika migomba ikarudi barabarani. Siku mbili nikafurahi. Kisha Alhamisi ikatokea Alhamisi.

Ndipo nikachukua futi. Sikiliza hesabu, usicheke. Nilirudisha kwanza pete ngazi ya kwanza. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati, tairi linaning'inia, kutoka ekseli hadi boliti la keria ni sentimita 54. Ikisimama chini yenyewe, 53. Nikapanda, Neema akapima huku ananisemesha nisimchekeshe: 47 na nusu. Yaani milimita 65 zimeliwa kabla sijawasha injini. Na safari yote ya tairi, kutoka kuning'inia hadi kugonga, ni milimita 95 hivi. Inavyotakiwa, dereva akikaa asile zaidi ya theluthi, kama 30 au zaidi kidogo, nyingine zibaki za mashimo. Mimi nilibakiwa na 30 tu.

Nikaipeleka pete ngazi ya 5, nikapima tena. Nikikaa, zinaliwa 50. Afadhali, lakini bado zaidi ya nusu. Na hapa ndipo nilipoelewa kitu: nikishuka, pikipiki yenyewe haikai hata milimita moja. Iko juu kabisa kama vile bado iko kwenye stendi. Kukaza pete hakuongezi ugumu wa springi, kunaiinua tu mahali pa kuanzia. Kila kilo inayoongezeka inaibonyeza kipimo kile kile cha jana. Ukiona pikipiki haikai kabisa ikiwa tupu, halafu inakaa sana ukipanda, ujue springi ni laini kwako, pete umeshaimaliza. Sasa mtu wa pili ndiye mzito zaidi kwa nyuma, kwa sababu kiti chake kiko karibu juu ya ekseli, uzito wake karibu wote unakwenda kwenye shokapu. Akipanda mama mkwe, hakuna milimita ya kuhesabu.

Lakini si wewe ndiye uliyenifundisha haya bila kujua? Pale gereji kwenu, gari la watalii likishawekwa hema juu, friji ndani na madumu nyuma, sijawahi kukuona unakaza kitu. Mnabadilisha springi. Kwa nini mimi niambiwe nipunguze kula na Land Cruiser haiambiwi?

Basi fundi, baada ya kumwonyesha karatasi yangu ya vipimo (aliishika juu chini), akaja na mengine mawili. La kwanza, aweke vipande vya bomba chini ya springi. Nikamwambia hiyo ni pete ile ile kwa jina lingine, tena mbaya zaidi, maana springi ikibanwa mno koili (mizunguko ya waya wake) zinagusana kabla shokapu haijamaliza safari, na hapo mgongo wangu ndio unakuwa springi. La pili, anifungie shokapu za bajaji. Hilo lilinivutia, nakiri. Waya wake ni mnene, unautazama unaona amani. Lakini zile alizonionyesha ni ndefu kuliko zangu kwa sentimita 3. Nyuma ikipanda hivyo stendi ya kati haitafika chini vizuri, mkao wa cheni utabadilika, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye kushuka. Mimi kila wiki nashuka kutoka Kibosho na vumbi likilowa pale, mangi, sihitaji usukani mwepesi.

Nikaenda dukani. Sitaji duka. Kijana akanitolea boksi lenye maandishi makubwa ya kazi nzito, springi nyekundu zinang'aa kama jezi mpya. Nikatoa vania, kile kifaa cha kupimia unene, nikapima waya: milimita 7. Nikatoka nje nikapima wa zamani kwenye pikipiki: milimita 7. Kipenyo kile kile, idadi ya koili ile ile. Kilichokuwa kizito ni bei. Nikamuuliza kijana uzito uko wapi, akanijibu, "Mzee, ni nyekundu."

Na hilo la waya ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu si jambo dogo. Ugumu wa springi unapanda kwa kipenyo cha waya kujizidisha mara nne. Yaani 8 gawa kwa 7, jibu ulizidishe lenyewe kwa lenyewe mpaka liwe mara nne, unapata 1.7. Milimita moja tu ya waya, koili zikiwa sawa, ni nyongeza ya asilimia 70 ya ugumu! Nimepiga hesabu mara tatu: kwa waya wa 8 ningekaa kwenye milimita 35 hivi bila kukaza pete sana. Hiyo ndiyo pikipiki ninayoitaka. Sitaki ya 9 wala 10, hiyo itanirusha kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) kama mahindi kwenye kikaango.

Kwa hiyo ombi. Wewe uko Arusha, maduka ya spea mengi, na watu wako hawawezi kukudanganya kwa rangi. Nitafutie jozi. Urefu, tundu kwa tundu, sentimita 33, nusu ikizidi sawa. Tundu la juu na la chini boliti ya 12, bushi za mpira zisiwe zimepasuka. Waya wa 8, pima mwenyewe, usisome boksi. Ukikuta springi ambayo koili zake zimekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine, nzuri zaidi: itakuwa laini nikiwa peke yangu na kukaza akipanda mtu. Halafu bonyeza shokapu kwa uzito wako uiachie. Springi nene inarudi kwa nguvu, na kama mafuta ya ndani hayaishiki, pikipiki itakuwa mbuzi aliyekatika kamba. Irudi taratibu. Nondo yake isiwe na mkwaruzo wala unyevu wa mafuta. Nimetenga laki moja na nusu, ikipita hapo nipigie, nitapokea, naapa.

Haraka yangu ni kwamba mama mkwe anarudi mwisho wa mwezi. Amemwambia mke wangu atakuja kwa miguu yake kutoka stendi. Hakusema kwa ubaya. Ndicho kinachouma.

Haya, na wewe? Mguu wa Mama Ima umepona? Ile kesi ya uzio na jirani wa Sakina iliishia wapi, au bado mnasalimiana kupitia mjumbe? Mzee wa Njoro alikulipa? Ima amefaulu? Desemba mnakuja nyumbani kuhesabiwa au mtasingizia wageni tena? Na vania unayo, au nikutumie yangu na dereva wa Coaster?

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea shokapu ya zamani na vipimo vyake. Koili usizihesabu kwenye mchoro, moja niliisahau, nikaichomeka pembeni.

Wako,
Baba Neema