Kaka yangu, njoo na gari yako skuli

Assalaam alaykum kaka. Najua saa hizi uko stendi unasubiri zamu, basi ukipata nafasi isome hii taratibu.

Unakumbuka nilisema nikifika Copenhagen kwa shangazi nitampeleka mwanangu kwenye bembea? Bembea hata hatukuzigusa, kule ndani ya bustani ya Fælledparken kuna kiwanja kinaitwa Trafiklegepladsen, kipo tangu 1974, na wallahi sijapata kuona kitu kama kile. Barabara ndogo za lami zimechorwa mistari, kuna vibao, kipilefti, zebra, na taa zinazowaka kweli. Mtoto anaazimwa baskeli au kigari cha kukanyaga, bure, anaingia barabarani.

Raundi ya kwanza mwanangu kapita taa nyekundu kama haipo. Mbele yake kuna kitoto cha kike, sidhani kama kimefika miaka sita, kinavuka zebra, kikasimama kikamnyooshea kidole ile taa, basi, hakikusema neno. Wangu akashuka, akakivuta kigari kinyumenyume mpaka kwenye mstari, akakaa anaikodolea macho taa mpaka ikawa kijani. Raundi ya pili hakuna aliyemkumbusha. Na mimi miaka miwili namuimbia angalia kulia, kushoto, kulia tena, anaitikia tu halafu anaruka barabarani! Nikaogopa atachanganyikiwa maana wenzetu wanaendesha kulia, nikamwambia kwetu ni kushoto, akanijibu "lakini nyekundu ni ile ile mama."

Sasa kaka, njia yetu ya Fuoni hapa Unguja unaijua kuliko mimi. Watoto wanatoka skuli, alasiri wanatoka tena wanakwenda chuoni kusoma Kurani, daladala inashusha, boda inajipenyeza baina ya daladala na mtaro, na mtoto akishashuka anazunguka mbele ya gari avuke. Mwaka jana mwanangu aliponea hapo hapo, vespa ilimkwangura mkono na mwenye vespa hakusimama. Wewe ndo ulonieleza kwamba mtoto akitokea mbele ya gari iliyosimama, anayekuja nyuma anakuwa hamuoni mpaka keshafika katikati. Maneno yale sijayasahau, ila watoto hawajawahi kuyaona kwa macho yao.

Ndo ombi langu. Skuli kwetu kile kiwanja cha saruji kipo, chokaa nishanunua, baskeli ziko majumbani, taa tutatengeneza kwa maboksi na rangi, mwalimu nishaongea naye karidhia. Kilobakia ni wewe. Uje na gari yako, uisimamishe, uizime, watoto wakae kiti cha dereva mmoja mmoja na mwenzao asimame karibu kabisa na boneti, halafu uwaulize wanamuona? Mimi nikiwaambia watanisikia kama wanavyonisikia siku zote, kwenye kiti chako watajionea wenyewe.

Tufanye asubuhi kabla jua halijawa kali, mama kasema maandazi juu yake. Nambie Jumamosi ipi huna zamu.