Kwa Nini Sauti Hukatika Unapoburuta Vidoti, na Unacholipia Tunapoitengeneza

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alirudi akiwa amekasirika, kwa kuwa tulimtoza malipo ya siku mbili kwa kazi ambayo, kwa macho yake, haikubadilisha kitu: skrini ilikuwa ileile, yenye vidoti vilevile 16 vya kuburuta ili kuzungusha sauti katika spika za ukumbi wa maigizo. Lalamiko hili tumelisikia mara nyingi, na tungependa kulijibu kikamilifu.

Pachi yake, yaani mpango unaoundwa kwa kuunganisha visanduku kwa waya kwenye skrini, ilijengwa kwa Pure Data, programu aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990, ambayo hukokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 64. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu lina takribani milisekunde 1.33 tu. Uchoraji wa skrini hufanywa na programu ya pembeni, Tcl/Tk, lakini amri za kuchora huandaliwa palepale sauti inapokokotolewa, kwa zamu, hivyo amri zikirundikana sauti huchelewa zamu yake, akiba ya sauti iliyokokotolewa mapema huisha, na spika hukwaruza.

Tulipoifungua pachi hiyo tuliona kwamba kidoti kimoja kikisogezwa, vyote 16 viliamriwa kuchorwa upya. Kipanya cha kawaida cha USB huripoti mahali kilipo mara 125 kwa sekunde. Zidisha kwa 16 upate amri 2,000, kabla hujahesabu visanduku vya namba na majedwali ya mawimbi yaliyoachwa wazi skrini nzima.

Kabla ya kutufikia, mteja alikuwa amepandisha muda wa akiba ya sauti hadi milisekunde 200. Mkwaruzo ulipungua kweli, lakini mpiga ngoma wake akawa anasikia pigo lake likiwa limechelewa sehemu ya tano ya sekunde, na mazoezi yakavunjika. Ndipo akanunua kompyuta mpya yenye viini (sehemu za kukokotoa) vinane, ilhali pachi moja ya aina hii hukokotolea sauti yake yote kwenye kiini kimoja. Fedha aliyoiweka kwenye kompyuta hiyo ilizidi malipo yetu mara kadhaa, na sauti iliendelea kukatika.

Sisi tulianza kwa kukata waya. Kila kidoti sasa hujichora chenyewe tu, na kabla ya kuchorwa hupitia kisanduku cha change, kinachozuia namba isiyobadilika, kisha speedlim, kisanduku kinachopunguza kasi ya namba, cha milisekunde 40, ili amri zisizidi 25 kwa sekunde, kiwango ambacho jicho halilalamikii. Hapa ndipo mafundi wengi huishia, na hapo huharibu kazi, kwa sababu sauti inayopokea namba hizohizo 25 tu kwa sekunde huruka kwa vipande, na sikio huvisikia. Kwa hiyo upande wa sauti tuliweka line~, inayotembea kutoka namba moja hadi nyingine kwa milisekunde 40 zilezile. Kuipima hiyo kwa kila kidoti, kwa masikio, ndiko kulikokula siku ya pili.

Majedwali tuliyaingiza kwenye pachi ndogo inayobaki imefungwa, maana kisichoonekana hakichorwi. Kwa kazi nzito zaidi hutenganisha kabisa: Pure Data moja hubaki na picha, nyingine hubaki na sauti, nazo huwasiliana kwa netsend, kisanduku cha kutuma ujumbe, ndani ya kompyuta hiyohiyo. Aliwahi kutujia mwanamuziki mwenye vidoti zaidi ya 60, na bila utengano huo tusingeipokea kazi yake.

Anayetaka makadirio ya bei atuletee folda nzima ya pachi, pamoja na faili za sauti na kipanya anachokitumia jukwaani, kwani vipanya vingi vya michezo huripoti mara 1,000 au zaidi kwa sekunde, nasi tungependa kupima kwa kifaa kilekile kitakachotumika siku ya onyesho.