YAH: Malalamiko kuhusu hali ya hewa katika mchezo wenu wa Vita vya Pili vya Dunia

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Nilinunua mchezo wenu kwa sababu tangazo lenu liliahidi kwamba kila eneo la ramani lina hali yake ya hewa. Nimecheza miezi miwili, na ahadi hiyo sijaiona.

Desemba 1943 ya mchezo nilikuwa na divisheni tatu Burma, tayari kuvuka mto Chindwin. Zamu ilipogeuka, alama ya theluji ikatokea juu ya zote tatu, mwendo ukapungua nusu na askari wakaanza kufa kwa baridi. Bonde la Chindwin, jamani! Desemba kule ni kiangazi, ardhi kavu, msimu ambao majemadari waliusubiri kwa hamu. Kinachoua kule ni mvua za monsuni, takriban Mei hadi Oktoba. Mwaka 1944 Wajapani walirudi nyuma kutoka Imphal, mji wa India karibu na mpaka wa Burma, katikati ya mvua hizo, wakiandamwa na njaa na maradhi. Mimi nilipofikisha mwezi wa Julai, ramani yenu ilionyesha jua.

Urusi nako mmeweka majira mawili tu, joto na baridi. Matope yako wapi? Oktoba 1941 mvua zilizifanya barabara zisipitike, malori na mikokoteni ya farasi ikakwama. Warusi wana jina la msimu huo, rasputitsa. Katikati ya Novemba ardhi ikaganda, na vifaru vya Wajerumani vikaweza tena kusogea kuelekea Moscow. Jalidi iliwafungulia njia kwanza, ndipo baridi kali ikaja kuzima injini zao. Kwenu baridi ni adhabu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo swali la kushambulia sasa au kungoja ardhi igande halipo kabisa. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyonifanya nilipie mchezo wa mikakati.

Mwezi uliopita mlinijibu kwamba mmefanya hivyo ili wachezaji wawe sawa. Siridhiki na jibu hilo. Desemba 1944 Wajerumani walisubiri makusudi mawingu mazito ndipo washambulie Ardennes, eneo la misitu huko Ubelgiji na Luxembourg, tarehe 16, na ndege za Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) hazikuweza kuwazuia ipasavyo hadi anga lilipofunguka tarehe 23. Kuisoma hewa ni sehemu ya vita.

Naomba mgawe ramani kwa kanda, kila kanda na kalenda yake, na matope yawe hali inayojitegemea. Mtupe pia utabiri wa zamu moja mbele, hata kama utakosea mara nyingine. Kama hamtafanya hivyo, ondoeni maneno yale kwenye tangazo na mnirudishie fedha zangu.

Nimeambatanisha faili la mchezo nililohifadhi. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, na naomba anayejibu alifungue kwanza faili hilo aitazame Burma.

Wenu,
Mteja