Barua kwa mpwa wangu: kwa nini ini lako lilinyamaza

Mpwa wangu mpendwa,

Tangu uliponipigia simu kutoka Newala, ukaniambia kwamba damu uliyokwenda kuchangia imekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, swali lako halijanitoka: iweje kitu kigeni kikae mwilini, huenda tangu utotoni, na mwili usipige hata yowe? Mama yangu, bibi yako, amekwisha kuanza kutaja majina ya watu wenye kijicho. Kwetu mjomba ndiye hujibu mambo mazito, nami nakujibu hadharani kwa kuwa wenye swali hilo ni wengi, kuanzia Mtwara hadi Lindi.

Takribani robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia kwanza matumboni, na huja na chembe za chakula pamoja na mabaki ya bakteria wanaoishi humo. Wewe umefanya kazi katika ghala la korosho, unajua kwamba magunia hufika na vumbi na mchanga, na kwamba mpokeaji angepiga kengele kwa kila chembe, mnada usingefanyika. Ini nalo halipigi kengele ovyo.

Katika vijishipa vyake vyembamba damu hupita polepole, ikigusana na seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wakazi, na pia na seli za kuta zenye vitundu vidogo mno. Hapo ndipo seli T, askari ambao kila mmoja humtambua adui wake, huonyeshwa vitu vigeni. Lakini seli T haishambulii kwa kuonyeshwa tu. Inahitaji ishara ya pili ya kuiruhusu. Ini lililo katika hali ya amani hutoa ishara hiyo kwa uchache, na badala yake humwaga kemikali ya kutuliza iitwayo intalukini-10 na kuonyesha protini ya PD-L1, ambayo kwa seli T ni amri ya kusimama. Hivyo baadhi ya seli T hufa, nyingine huchoka, na nyingine hugeuka kuwa seli T dhibiti zinazotuliza wenzao. Nguvu ya utulivu huu ni kubwa kuliko unavyodhani: mwaka 1969 daktari wa upasuaji Roy Calne na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba baadhi ya nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine waliishi muda mrefu bila dawa za kushusha kinga, ingawa ngozi au figo ya kupandikizwa kwa kawaida hukataliwa.

Virusi vya homa ya ini B hufikia katika nyumba hiyohiyo ya upole. Mtoto mchanga akiambukizwa, kinga yake ikiwa bado changa, watoto 9 kati ya 10 hubaki navyo. Kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Madhara mengi hayatokani na virusi vyenyewe, bali hutokea pale seli T zinapoamka nusunusu, zikaua seli za ini zilizoambukizwa bila kuvimaliza virusi, na kovu likaongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kutosikia maumivu hakukuhakikishii usalama, na naumia kwamba aliyekupa majibu hakukueleza hili. Unahitaji kupimwa vimeng'enya vya ini na wingi wa virusi, na kupigwa picha ya ultrasaundi. Si kila mtu huanzishiwa dawa siku hiyohiyo, lakini kila mtu hufuatiliwa.

Uraka, pombe yetu ya mabibo, na gongo uviache kabisa, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu usiyale, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na virusi hivi huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Mkeo apimwe kabla hajajifungua, ili mtoto akingwe mapema.

Jumamosi nitapanda basi la kwanza. Karatasi ya majibu usiichane. Tutaisoma pamoja, bibi yako akiwa amekaa nasi.

Mjomba wako