Tarehe 16 Juni si siku ya biskuti

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana, tarehe 16 Juni, binti yangu aliye mwaka wa tano wa primeri alirudi nyumbani uso umepakwa rangi, biskuti mkononi. Nikamwuliza ni sikukuu gani. “Siku yetu ya kucheza,” akasema.

Wiki iliyotangulia alikuwa amerudi analia. Walimvisha kibao shingoni kwa sababu alimwambia mwenzake “niazime kalamu” kwa Kiswahili badala ya Kifaransa. Sisi tuliosomea mji huu wa Lubumbashi tunakijua kibao hicho. Kinapita shingo hadi shingo, na anayefunga nacho siku ndiye anachapwa. Kwa hiyo aliyekivaa anashinda akiwatega wenzake wateleze ulimi, apate wa kumtwisha.

Basi sikilizeni. Wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kwa ajili ya lugha. Serikali ya makaburu ilikuwa imeagiza watoto weusi wafundishwe nusu ya masomo, hesabu ikiwemo, kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu wenyewe. Polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa, alikuwa na miaka 12. Kwa ajili yao Siku ya Mtoto wa Afrika inaadhimishwa tangu 1991, na sisi tunaiadhimisha kwa biskuti, kibao kikingoja mezani kwa mwalimu.

Sisemi Kifaransa ni Kiafrikana. Mimi mwenyewe namlipa mwalimu wa jioni ili binti yangu akijue vizuri. Bila Kifaransa hapa hupati diploma. Ila Kiswahili kimo katika ibara ya kwanza ya Katiba yetu ya Kongo, miongoni mwa lugha za taifa. Na enzi mji huu ukiitwa Elisabethville, watoto wa Wabelgiji wakiwa na shule zao mbali na zetu, hata wamisioni waliwafundisha babu zetu kusoma kwa Kiswahili!

Nililisema hili katika mkutano wa wazazi. Mkuu wa shule akajibu kwamba watoto wasiingizwe katika siasa. Nyuma yangu mtu akacheka, nikakaa.

Kila Juni mnatoa picha za watoto wakicheza ngoma. Safari hii toeni pia habari ya picha ile aliyoipiga Sam Nzima: kijana amembeba Hector mikononi, dada yake anakimbia kando. Nitaikata niipeleke shuleni mwenyewe.

Mzazi, Kamalondo, Lubumbashi