Idi Mubarak, Madeni Tutayahesabu Idi Tatu

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani.

Mwezi umeandama, alhamdulillahi. Kwa niaba ya nyumba yetu nawatakia Idi njema, mlio karibu na mlio safarini. Mola azikubali funga zetu, awape shifaa wagonjwa, awarehemu waliotutangulia.

Mwaka ulikuwa mzito, tusifichane. Mchele, mafuta ya kula, nauli, vyote vimepanda na kipato kimekaa palepale. Wapo wanaoingia Idi na rejesho la kikoba shingoni, na wapo wanaogongewa mlango na kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, kila Jumatatu.

Nianze na linalowahangaisha wengi usiku huu: zakatul fitri, zaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani. Ni pishi 1 kwa kila kichwa, vibaba 4, kama kilo 2.5. Nyumba ya watu 7 ni kilo 17.5, mchele ukiwa shilingi 3,000 kilo, hiyo ni 52,500, na itoke kabla ya swala. Lakini asiyebakiwa na kitu baada ya chakula cha watu wake cha usiku na mchana wa Idi, haimlazimu. Kukopa kwa riba ili utoe fitri ni kujitwika mzigo ambao Mungu hakukupa. Na nguo vaa iliyo nzuri katika ulizonazo, hata kama haijanukia duka.

Halafu usingizi. Mwezi mzima tumelala saa 6 baada ya tarawehe na kahawa chungu, tukaamka saa 10 kula daku. Mwili haurudi kwa siku moja. Ndiyo maana saa 9 usiku macho kodo, na deni la laki linaonekana milioni. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya alasiri. Ukishaswali alasiri, kaa dakika 20 na karatasi: kila wasiwasi mstari wake, kiasi, tarehe, na mtu wa kuzungumza naye. "Madeni" peke yake si mstari. "Ada, 80,000, tarehe 15, nimwone mwalimu", huo ndio mstari. Lisilo na tarehe wala mtu, kama maneno ya mawifi, liandike upande wa nyuma uliache huko. Kosa la wengi ni kuandika wakiwa kitandani. Hapo umejiamsha upya. Na anayekudai mpigie kabla ya siku yenyewe. Ukimwahi husogeza tarehe, ukimzimia simu anakuja mlangoni na wenzake.

Mama hesabu hii aliifanya bila karatasi: fundo moja la kanga ni ada, jingine la misiba. Hii ni Idi ya kwanza bila yeye. Kanga yake bado iko kwenye kamba chumbani, na pindo limejikunja pale pale alipokuwa akifunga.

Ndugu zangu, funga ngamia wako, kisha mtegemee Mola. Aliyetupa subira ya mwezi mzima hatatutupa Shawwal. Vijana, kamari hailipi deni, inalizalisha. Wenye nacho, chungulieni jiko la jirani kabla hamjafunika sufuria, na yatima asipite mlangoni akisikia harufu tu.

Kesho tuswali, tupeane mikono, tule pilau. Karatasi itakuwepo Idi tatu, siku ya tatu ya sikukuu.

Idi Mubarak. Minal aidina wal faizina.